Kabla Hujafuta Irabu: Mwongozo wa Kutumia Semiotiki Katika Kuchakata Kiarabu kwa Kompyuta

Andika herufi tatu, عقد, kwenye kisanduku cha kutafutia cha mkusanyiko wowote wa habari za Kiarabu. Utaletewa kikao cha baraza, mkataba wa mchezaji mpira, kidani cha lulu, mwongo (miaka kumi) uliopita na mtu mwenye matatizo ya kisaikolojia, vyote kwa pamoja. Kompyuta haikukosea kusoma, kwa kuwa herufi ni zilezile: aini, qafu na dali. Tatizo liko kwa aliyeitayarisha matini bila kujiuliza kila alama iliyomo inafanya kazi gani.

Kujiuliza hivyo ndiyo kazi ya semiotiki, elimu inayochunguza namna ishara zinavyobeba maana. Mwongozo huu unaipeleka elimu hiyo kwenye kazi ya mikono: kujenga zana ndogo ya kutafutia inayoweza kutenganisha maana za neno moja. Nitalitumia neno عقد karibu kila hatua. Unahitaji Python, lugha ya kuandikia programu, kwenye kompyuta yako, na Kiarabu cha kutosha kusoma habari fupi ya gazeti isiyotiwa irabu. Aliyepita madrasa tu anaweza kuanza, ila ataona mapema kwamba msahafu na gazeti haviandikwi kwa desturi moja, na tofauti hiyo ni sehemu kubwa ya somo.

Hatua ya 1: Chukua nadharia kidogo, uijue vizuri

Mambo matatu yanatosha. La kwanza ni la Ferdinand de Saussure, Mswisi ambaye mihadhara yake ilichapishwa mwaka 1916, miaka mitatu baada ya kufa kwake. Kwake yeye ishara ina pande mbili, kiashiria ambacho ni umbo na kiashiriwa ambacho ni dhana, na thamani ya ishara hutokana na jinsi inavyotofautiana na zile zinazoizunguka. La pili ni la Mmarekani Charles Sanders Peirce: ishara inaweza kufanya kazi kwa kufanana na kitu, kwa kuwa dalili yake kama moshi ulivyo dalili ya moto, au kwa makubaliano ya watu tu.

La tatu linatoka kwa Waarabu wenyewe. Al-Jahiz wa Basra, mwanachuoni wa karne ya 9, alitaja njia tano za kubainisha maana: tamko, ishara ya mwili, hesabu ya vidole, maandishi, na hali ya kitu chenyewe. Hesabu ya vidole aliiita عقد, kwa hiyo neno letu limepata maana nyingine tena. Simtaji kwa ajili ya heshima pekee. Mgawanyo wake unatukumbusha kwamba maandishi ni njia moja kati ya tano. Matini ikifika kwenye kompyuta, sauti, mkono na mahali vimeshabaki nje, na kazi yetu kubwa ni kuziokota dalili zilizosalia.

Hatua ya 2: Itambue herufi kwa namba yake

Usiyaamini macho yako. Kila herufi ina namba yake katika Unicode, orodha ya kimataifa ya herufi za kompyuta, na mistari hii inatosha kuionyesha:

```
import unicodedata
neno = 'عقد'
for h in neno:
    print(hex(ord(h)), unicodedata.name(h))
```

Aini ni U+0639 iwe mwanzoni, katikati au mwishoni mwa neno, ingawa umbo lake hubadilika. Mabadiliko hayo hayatofautishi maana, kwa hiyo yameachiwa fonti, na ni sawa kabisa. Ila faili nyingi za PDF hukutolea maumbo yenyewe, yenye namba kati ya U+FE70 na U+FEFF, na hapo neno ulilolitafuta halionekani japo liko mbele yako. Usawazishaji wa NFKC, mojawapo ya kanuni za Unicode za kusawazisha herufi, unayarudisha maumbo hayo kwenye herufi za kawaida.

Kinyume chake kipo pia. Ya ya Kiarabu ni U+064A na ya Kiajemi ni U+06CC. Mwanzoni na katikati ya neno huwezi kuzitofautisha kwa macho. Kafu nazo ziko mbili, U+0643 na U+06A9. Hizi NFKC haizigusi, itabidi uzibadilishe mwenyewe. Tena angalia ﷺ, ambayo ni herufi moja kwenye faili lakini NFKC huifungua ikawa maneno manne yenye jumla ya herufi 18, nafasi zikihesabiwa. Ukishaandika mahali neno lilipo kabla ya kusawazisha, namba zako zote zitahama. Sawazisha kwanza, weka alama za mahali baadaye.

Hatua ya 3: Pima wingi wa irabu kabla ya kuzigusa

Hapa naomba utulie, maana ndipo kazi nyingi zinapoharibika.

Masomo mengi ya kuchakata Kiarabu huanza kwa kufuta irabu zote. Sababu inaeleweka: matini nyingi hazina irabu, na hatutaki neno lenye fat-ha lihesabiwe kuwa tofauti na lisilo nayo. Lakini tazama gazeti la kawaida. Mwandishi wake hatii irabu. Akitia moja, amekusudia. Anapoandika عُقد الاجتماع, ile dhumma moja juu ya aini inamwambia msomaji kwamba mkutano "ulifanyika", kitenzi cha kutendwa, kabla hajaanza kusoma "mkataba wa mkutano" na kulazimika kurudi nyuma. Vivyo hivyo shadda: وقّع ni "alisaini", na وقع bila shadda inaweza kuwa "alianguka" au "ilitokea". Katika habari ya mchezaji na klabu yake, kialama hicho kimebeba habari nzima.

Ndiyo hoja ya Saussure. Dhumma ya msahafu na dhumma ya gazeti zina umbo moja na namba moja, U+064F, lakini thamani zake haziko sawa. Kwenye msahafu, maneno yote yametiwa irabu, kwa hiyo kuwepo kwa dhumma hakukuambii lolote kuhusu wasiwasi wa mwandishi. Kwenye gazeti kuwepo kwake ni dalili, kwa maana ileile ya Peirce: mwandishi ameona utata mahali hapo na ameamua kuuondoa. Anayefuta irabu chache za gazeti anafuta alama zilizowekwa pale pale ambapo kompyuta ingekwama.

Historia yenyewe inaunga mkono. Mapokeo yanamtaja Abu al-Aswad al-Du'ali wa Basra, aliyefariki mwaka 688, kuwa ndiye aliyetia nukta za rangi kuonyesha irabu, na al-Khalil bin Ahmad wa karne ya 8 kuwa ndiye aliyeleta vialama vinavyofanana na vyetu vya leo. Walifanya hivyo kwa sababu watu walikuwa wanakosea kusoma. Irabu iliwekwa kuzuia makosa, na sisi tunaifuta tukiiita takataka!

Fanya hivi basi. Kwa kila matini, hesabu alama zilizo kati ya U+064B na U+0652, gawanya kwa idadi ya herufi. Matini iliyotiwa irabu kamili itakupa jibu lisilo mbali na 1. Gazeti litakupa jibu linalokaribia 0. Gawa matini zako mafungu matatu: zenye irabu kamili, zenye irabu chache, zisizo nazo kabisa. Kisha tengeneza safu tatu kwenye jedwali lako. Ya kwanza ni asili, isiyoguswa kamwe. Ya pili ni ufunguo wa kutafutia, usio na irabu wala tatwili (mstari wa kurefusha neno). Ya tatu inaandika irabu ipi ilikuwa juu ya herufi ya ngapi. Katika fungu la irabu chache, safu hii ya tatu ndiyo mali yako.

Tahadhari moja ya kiufundi: watu huchapa shadda kwanza kisha fat-ha, lakini NFC, kanuni nyingine ya Unicode ya kusawazisha, huzipanga upya fat-ha ikatangulia. Maneno mawili yanayoonekana sawa yanaweza kukataa kulingana kwa sababu hiyo tu. Yapitishe yote kwenye NFC kabla ya kuyalinganisha.

Hatua ya 4: Uliza ni kanuni ya nani

Baada ya irabu huja hamza, ya ya mwisho na ta marbuta. Zana nyingi hukupa njia rahisi ya kuziunganisha: أ na إ zote ziwe ا, na ى iwe ي. Usikubali wala usikatae mpaka umejua matini imetoka wapi. Misri ina desturi ya kuandika ya ya mwisho bila nukta zake mbili. Kwa hiyo kwenye gazeti la Cairo على inaweza kuwa "juu ya" au jina Ali, na hakuna unachopoteza ukiziunganisha, kwa kuwa mwandishi mwenyewe hakuzitenganisha. Kwenye matini za Ghuba na Sham tofauti hiyo huwa hai, na ukiiua umemchanganya Ali na kihusishi katika kila ukurasa.

Anayefanya kazi na miswada ya Maghribi, yaani Afrika ya kaskazini-magharibi, atakutana na jambo kubwa zaidi. Huko qafu huandikwa kwa nukta moja juu na fa kwa nukta moja chini. Mashine iliyofunzwa kwa chapa za Cairo na Beirut ikiliona neno عقد limeandikwa hivyo, itasoma عفد. Nukta ni ileile na mahali ni palepale, ila mfumo wa tofauti umebadilika. Unicode imeweka namba za herufi hizo, U+06A7 kwa qafu na U+06A2 kwa fa. Zitumie kwenye safu ya asili, kisha ufunguo wa kutafutia uwe na qafu ya kawaida. Na anayeshughulikia tenzi za Lamu na Pate zilizoandikwa kwa hati ya Kiarabu atayakuta mambo hayahaya yanamngoja, maana huko ب moja ilisimama kwa b, p na mb.

Hatua ya 5: Tenganisha ishara zilizoshikamana

Neno وسيعقدونها limeandikwa kama kitu kimoja lakini ndani yake mna و (na), س (wakati ujao), يعقدون (wanafanya) na ها (hicho kikao). Msemaji wa Kiswahili haoni ajabu hapa, kwa sababu "na watakifanya" yetu imejengwa vivyo hivyo. Kila kipande ni ishara yenye maana yake, na zana ikilichukua neno zima kuwa kitu kimoja italikosa kila utakapotafuta عقد.

Zana nzuri ya kuanzia ni CAMeL Tools ya Chuo Kikuu cha New York Abu Dhabi. Ukishaisakinisha, pakua data yake kwa amri `camel_data -i light`, kisha:

```
from camel_tools.morphology.database import MorphologyDB
from camel_tools.morphology.analyzer import Analyzer
kichambuzi = Analyzer(MorphologyDB.builtin_db())
for c in kichambuzi.analyze('عقد'):
    print(c['diac'], c['pos'], c['gloss'])
```

Utapata orodha ya usomaji wote unaowezekana, ukiwa umetiwa irabu. Sasa rudi kwenye safu yako ya tatu. Kama matini ilikuwa na dhumma juu ya aini, futa kwenye orodha kila usomaji usio na dhumma hapo. Mara nyingi orodha itapungua sana kwa kialama kimoja tu.

Usivutwe na mzizi. Ni kweli kwamba ع ق د hubeba wazo la kufunga fundo, na kwamba wazni, yaani umbo ambalo mzizi hutiwa ndani yake, nao hubeba maana yake, ndiyo maana معقود ni kilichofungwa na معقد ni chenye utata. Kwa mwanafunzi wa isimu ni jambo zuri kulitazama. Kwa utafutaji ni mtego: ukitumia mzizi kuwa ufunguo, anayetafuta mkataba ataletewa عقيدة, yaani itikadi ya dini. Leah Larkey na wenzake wa Chuo Kikuu cha Massachusetts walionyesha mwaka 2002 kwamba kukata viambishi vya mwanzo na mwisho kidogo tu kunaleta majibu bora kuliko kurudi kwenye mzizi. Nakushauri ufuate njia hiyo.

Hatua ya 6: Badilisha neno uone nini kinakaa mahali pake

Sehemu kubwa ya matini haina irabu hata moja, kwa hiyo safu ya tatu haitakusaidia kila mahali. Hapo tumia jaribio kongwe la wanasemiotiki: ondoa ishara, weka nyingine mahali pake, uone sentensi inabaki na maana gani. Lifanye kwa mkono kwanza.

عقد المجلس جلسة طارئة, "baraza lilifanya kikao cha dharura". Mahali pa عقد panaweza kukaa نظم au بدأ, vitenzi.

وقع اللاعب عقدا جديدا, "mchezaji alisaini mkataba mpya". Panakaa اتفاقا, makubaliano.

أهداها عقدا من اللؤلؤ, "alimzawadia kidani cha lulu". Panakaa سوارا, bangili. Usomaji hapa ni 'iqd, kwa kasra.

خلال العقد الماضي, "katika mwongo uliopita". Panakaa القرن, karne, au العام, mwaka.

يعاني من عقد نفسية, "anasumbuliwa na matatizo ya kisaikolojia". Panakaa أمراض, maradhi. Hapa ni 'uqad, wingi wa عقدة.

Unaona kwamba hukuhitaji kamusi. Kila maana ina jirani zake wanaoweza kuirithi nafasi, na orodha za majirani hao hazifanani. Modeli za lugha za kujaza pengo zimefunzwa kazi ya namna hiyohiyo. AraBERT, iliyotolewa mwaka 2020 na Chuo Kikuu cha Marekani cha Beirut, hupokea sentensi yenye [MASK] mahali pa neno na kukupa maneno inayoyaona yanafaa. Chagua toleo la 0.2, ambalo halihitaji maneno kukatwa vipande kwanza. Ficha عقد, chukua mapendekezo ishirini ya mwanzo, uyalinganishe na orodha za majirani ulizoandika kwa mkono. Orodha itakayofanana nayo zaidi ndiyo maana unayoitafuta.

Lakini kumbuka kwamba kitayarishi cha AraBERT hufuta irabu kabla ya modeli kusoma. Dhumma ya mwandishi haitaiona. Kwa hiyo panga kazi hivi: safu ya irabu itangulie kuchuja, modeli ifuate kuamua kati ya zilizobaki. Irabu na modeli zikipingana, mwamini mwandishi aliyetia irabu.

Majina ya vitabu yawekee orodha yake. العقد الفريد, kitabu cha Ibn Abd Rabbih wa Córdoba aliyefariki mwaka 940, ni "Kidani cha Pekee", na sura zake zimepewa majina ya vito. Maneno yanayokizunguka kitabu hicho kwenye habari, kama vile uchapishaji, haki na mchapishaji, yataivuta zana yako kwenye mkataba. Jina la kitabu ni ishara moja nzima, usilivunje.

Hatua ya 7: Maandishi ya mitandaoni yasome kwa jicho la Peirce

Kwenye maoni ya watu, kinachofanana na makosa mara nyingi si makosa. Anayeandika جميييييل amerefusha ya ili kuonyesha sauti aliyoivuta. Umbo linafanana na sauti. Tatwili, U+0640, hurefusha mstari tu, na inaweza kufutwa kwenye ufunguo. Ya zilizorudiwa ziandike kwenye safu yake kuwa ni mkazo, ndipo uzipunguze. هههههه ni dalili ya kicheko. Mwambie mchambuzi wako asiitafutie mzizi.

Wanaochapa Kiarabu kwa herufi za Kilatini huweka 3 badala ya ع na 7 badala ya ح, kwa sababu tarakimu hizo zinafanana na herufi zenyewe. Makubaliano yametanda juu ya mfanano huo, nayo hayafanani kila mahali: 9 huko Ghuba husimama kwa ص, na Moroko kwa ق. Mmoroko ataandika mkataba 3a9d. Jua mwandishi anatoka wapi kabla ya kubadilisha hata tarakimu moja.

Maana nazo huhama. العافية kwa Waarabu wengi ni afya na dua njema. Huko Moroko neno hilo maana yake ni moto. Zana ya kupima hisia za watu iliyofunzwa kwa maoni ya Jordan itaihesabu taarifa ya nyumba kuungua Casablanca kuwa habari ya furaha. CAMeL Tools ina sehemu ya kutambua lahaja. Ipitishe matini hapo mwanzo.

Hatua ya 8: Watu wawili watie alama, kila mmoja peke yake

Chukua sentensi mia mbili zenye عقد. Wape wasomaji wawili wanaotoka kwenye jamii ya matini hizo, wala usimpe mhitimu wa madrasa peke yake maoni ya vijana wa Cairo. Kila mmoja aandike maana bila kumwona mwenzake, kisha pima makubaliano yao kwa kipimo cha kapa cha Cohen, ambacho huondoa makubaliano yanayotokea kwa bahati tu. Pale walipotofautiana wao, usiitegemee zana ipate jibu moja.

Halafu panga makosa ya zana kwa tabaka: la herufi, la irabu, la viambishi, la muktadha, la lahaja. Kosa la herufi lirudishe hatua ya 2, la irabu hatua ya 3, la muktadha liongezee majirani kwenye orodha za hatua ya 6. Na kwenye faili moja linalosafiri na data yako, andika kila ulichokiunganisha au kukifuta, na ni kwa matini za wapi ulifanya hivyo, ili atakayeichukua kwa ajili ya magazeti ya Algiers ajue kipi akirudishe.